Jinsi ya kuonyesha osmosisi darasani kwa kiazi, sukari na maji

Jaribio la osmosisi, yaani maji kuvuka utando, kwa kiazi kilichochongwa kishimo cha kutilia sukari, huelezwa vitabuni kwa aya moja fupi na mchoro mmoja, kana kwamba haliwezi kuharibika. Linaharibika, tena mara nyingi. Ndiyo maana maswali ya wanaolianza ni yaleyale: kwa nini kishimo changu hakikujaa? Kwa nini viazi vyote vimeongezeka uzito? Naweza kutumia chumvi? Na lile linaloulizwa kuliko yote: kwa nini nijisumbue kuchemsha kiazi kingine?

Hilo la mwisho ndilo muhimu. Ukiweka kiazi kibichi chenye sukari kwenye sahani ya maji na kishimo kikajaa, umeonyesha kwamba maji yameingia. Basi. Mwanafunzi wa nyuma kabisa atanyoosha mkono aulize, "Mwalimu, si kimenyonya tu kama sponji?" Na atakuwa na haki ya kuuliza. Niliulizwa hivyo mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nikabaki nababaika mbele ya darasa zima, kwa sababu nilikuwa nimeona kiazi cha kuchemsha ni kazi ya ziada nikakiacha. Tangu siku ile sijawahi kukiacha.

Mwongozo huu una majaribio mawili. La kwanza ni la kuona kwa macho, na linafaa darasa la umri wowote. La pili ni la kupima kwa mizani na kuchora grafu, kwa wanaojiandaa na mtihani wa vitendo. Kama muda unaruhusu moja tu na wanafunzi hawajawahi kuiona osmosisi, fanya la kwanza.

Nadharia, kiasi cha kukuvusha tu

Osmosisi ni maji kuvuka utando unaoyapitisha yenyewe lakini unaizuia sukari, au chochote kilichoyeyuka ndani yake. Maji huhama kutoka upande wenye mmumunyo mwepesi kwenda upande wenye mmumunyo mzito. Kwa hakika huvuka pande zote mbili wakati wote. Tunachokipima ni tofauti kati ya yanayokwenda na yanayorudi. Mfaransa Jean-Antoine Nollet aliliona jambo hili mwaka 1748: alijaza chombo pombe, akakifunika kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha kwenye maji, na kibofu kikavimba.

Katika kiazi, utando huo umeizunguka kila seli hai. Ukikichemsha kiazi, utando huharibika na seli hufa, ingawa kwa nje kiazi bado ni kiazi. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la sponji, tutalifikia.

Vitu vya kuandaa

Kwa jaribio la kwanza:

- viazi mviringo vitatu, vigumu, vya kujaa kiganja na vinavyokaribiana ukubwa
- sukari nyeupe ya kawaida
- maji safi (ya bomba yanatosha)
- sahani tatu zenye kingo, au bakuli pana
- kisu, kijiko cha chai, rula
- pini tatu
- sufuria na moto wa kuchemshia kiazi kimoja
- kalamu ya wino usiofutika na vipande vya karatasi vya kuandikia majina

Kwa jaribio la pili ongeza:

- viazi vingine viwili vikubwa
- mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu
- silinda ya kupimia ya mililita 100 na chombo chenye alama ya mililita 500
- bikari au glasi sita zinazofanana
- karatasi za tishu
- saa

Viazi vilivyonyauka au vilivyoanza kuchipua viache. Vimeshapoteza maji mengi, kwa hiyo vitavuta maji hata kutoka kwenye mmumunyo ambao kiazi kizima kisingeuvuta. Kibonyeze kwa kidole gumba, kikibonyea, hakifai.

Jambo moja la usalama: kiazi kibichi kinateleza, na ajali nyingi hutokea wakati wa kuchonga kishimo huku kiazi kikiwa kimeshikwa mkononi. Kiweke mezani, juu ya ubao. Kwa watoto wadogo, chonga wewe kwa kijiko cha chuma, wao wafanye yaliyobaki. Na viazi vikishatumika, visiliwe na mtu.

Jaribio la kwanza: kishimo cha kiazi

1. Chemsha kiazi kimoja kikiwa kizima na ganda lake. Kimeiva pale kisu kinapopenya hadi katikati bila kugoma. Kikibaki kibichi katikati, bado kina seli hai na kitakuharibia ulinganisho. Kikirojeka, hakitashika kishimo. Kitoe, kiache kipoe kabisa. Kazi hii ifanye siku moja kabla kama kipindi chako ni kifupi.

2. Kata kipande chembamba upande mmoja wa kila kiazi ili kisimame bila kuyumba. Kisha kata juu, kibaki na kimo cha sentimita 5 hivi.

3. Menya ganda kuanzia chini hadi kimo cha sentimita 3. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Ganda la kiazi lina tabaka linalozuia maji, na kazi yake shambani ni hiyohiyo, kukizuia kiazi kisikauke. Ukiliacha, umelifungia jaribio lako mlango.

4. Chonga kishimo kutoka juu. Acha unene wa sentimita 1 chini na pembeni. Viinue viazi uvitazame kwenye mwanga: palipo na ufa au tundu, tupa uanze upya.

5. Vipe majina. A ni kibichi, kitawekwa sukari. B ni kibichi, kitaachwa kitupu. C ni kilichochemshwa, kitawekwa sukari. Kila kimoja kikae kwenye sahani yake.

6. Tengeneza mmumunyo mzito: vijiko vya chai 8 vya sukari katika mililita 100 za maji. Koroga hadi sukari iishe yote.

7. Mimina maji kwenye kila sahani hadi kina cha sentimita 2.

8. Tia mmumunyo kwenye vishimo vya A na C hadi kina cha sentimita 1. Kwa kuwa kitako cha kishimo kiko sentimita 1 juu ya sahani, kiwango cha ndani sasa kiko sawa na cha nje. Usiione hesabu hii kuwa ya urembo. Kiwango cha ndani kikianza chini ya kile cha nje, maji yanaweza kupanda kwa kupenya tu kwenye kiazi cha kuchemsha, nawe utadhani ni osmosisi.

9. Chomeka pini ndani ya kishimo, usawa wa mmumunyo, katika A na C. Katika B chomeka usawa wa maji ya nje.

10. Andikeni makisio kabla ya kusubiri. Kila mwanafunzi aandike kitakachotokea kwenye A, B na C na sababu yake. Atakayekosea ndiye atakayelikumbuka jaribio hili mwaka mzima.

11. Tazameni baada ya nusu saa, saa moja, saa tatu na kesho yake. Mkiviacha usiku, vifunikeni kwa karatasi ya nailoni ili maji yasikauke wala wadudu wasifuate sukari.

Utakachokiona: katika A mmumunyo unapanda juu ya pini, na ukiviacha usiku kucha kishimo kinaweza kufurika. B kinabaki kikavu, au na unyevunyevu tu. C hakipandi, wakati mwingine kinateremka kidogo.

Sasa rudi kwa yule wa swali la sponji. B kinajibu nusu ya swali lake: kama kiazi kingekuwa kinapitisha maji ovyo, kishimo kitupu nacho kingepata maji. C kinajibu nusu iliyobaki. C kina sukari ileile, maji yaleyale, unene uleule. Kimekosa kitu kimoja tu, utando hai. Na bila utando, sukari hutoka kwenda kwenye sahani kama maji yanavyoingia, hakuna upande unaojaa. Waache wanafunzi wayaseme haya wenyewe, usiwamalizie. Hunyamaza kwanza, kisha mmoja husema, "Kumbe kimekufa!" Hapo umefika.

Onyo moja kuhusu rangi. Wengi hupenda kutia rangi kwenye maji ya sahani ili ionekane vizuri. Usifanye. Rangi ni kitu kilichoyeyuka na ina njia zake, hupita hata kwenye kuta za seli na kwenye mikwaruzo, na wanafunzi wataandika kwamba osmosisi ni rangi kuvuka. Ukitaka mmumunyo uonekane, itie rangi kidogo ndani ya kishimo, si nje.

Jaribio la pili: kupima kwa mizani

Hapa tunatafuta mambo mawili: kiazi kinaongezeka au kupungua kiasi gani kwenye mimumunyo tofauti, na ni mmumunyo upi ambao kiazi hakibadiliki ndani yake. Hilo la pili linakuambia mmumunyo uliomo ndani ya seli zenyewe ni mzito kiasi gani, bila kuzipasua.

*Mmumunyo mama*

1. Pima gramu 171 za sukari. Moli ni kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe; moli moja ya sukari ya mezani ni gramu 342, kwa hiyo hii ni nusu moli.

2. Iyeyushe kwenye maji ya vuguvugu kama mililita 300, subiri yapoe, kisha ongeza maji hadi jumla ifike alama ya mililita 500. Sasa una mmumunyo wa moli 1.0 kwa lita.

Simama hapa kidogo, kwa sababu kosa la hatua hii huonekana dogo na si dogo. Wengi huchukua gramu 171 za sukari wakaongeza mililita 500 za maji. Sukari nayo ina ujazo wake. Utapata mmumunyo wa mililita 600 na ushee, na badala ya moli 1.0 utakuwa na kama 0.8. Grafu yako yote itasogea, nawe hutajua kwa nini. Maji yaongezwe *hadi* mililita 500, siyo mililita 500 ziongezwe.

Kosa la pili ni kutumia mmumunyo ukiwa bado wa moto. Joto likizidi linaua seli, na utakuwa umechemsha kiazi bila kukusudia.

*Kupunguza makali*

3. Andika 0, 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 1.0 kwenye vyombo sita, kisha uchanganye hivi:

- 0: maji matupu, mililita 100
- 0.2: mmumunyo mama mililita 20, maji 80
- 0.4: mmumunyo mama 40, maji 60
- 0.6: mmumunyo mama 60, maji 40
- 0.8: mmumunyo mama 80, maji 20
- 1.0: mmumunyo mama 100, bila maji

Koroga kila kimoja. Anza na chepesi kwenda kizito, ili kijiko kisihamishe sukari.

*Viazi*

4. Menya viazi vyote, pasibaki hata kipande kidogo cha ganda. Kata vipande 18 vya urefu wa sentimita 5, upana wa sentimita 1 na unene wa sentimita 1. Kila kimoja kitakuwa na gramu 5 hivi. Ikiwa vipande vinatoka kwenye viazi viwili, vigawe ili kila chombo kipate vya viazi vyote viwili. Viazi havifanani, hata vya shina moja.

5. Vipanguse kwa tishu, kwa kugusagusa pande zote bila kubana. Pima vitatu vitatu kwa pamoja na uandike uzito palepale. Usiwaruhusu wanafunzi "kukumbuka" namba. Wataandika za jirani.

6. Tumbukiza kila kundi kwenye chombo chake, yakipishana dakika moja. Andika saa. Ukitumbukiza yote kwa mkupuo, ya mwisho kupimwa yatakuwa yamekaa zaidi ya yale ya kwanza.

7. Subiri saa moja angalau. Saa mbili au tatu zinatoa tofauti iliyo wazi zaidi. Kama kipindi ni dakika 40, badili umbo: kata vibapa vyembamba vya milimita 2 hadi 3, maji yatakuwa na safari fupi na dakika 25 zitatosha kuona mwelekeo.

8. Toa kundi la kwanza, panguse *kama ulivyopangusa mwanzo*, upime. Endelea na mengine kwa mpangilio uleule na kwa kupishana kulekule.

Hatua ya 8 ndiyo inayoamua kama matokeo yako yana maana. Maji yaliyoshikilia nje ya vipande yanaweza kuwa sehemu nzuri ya badiliko lote unalolitafuta. Anayepangusa mwanzoni na anayepangusa mwishoni awe mtu mmoja, kwa idadi ileile ya miguso. Mimi huwaambia wanafunzi wahesabu: pande nne, mguso mmoja mmoja, ncha mbili, basi.

9. Kabla ya kuvitupa, shika kipande cha 0 na cha 1.0 kwa ncha moja, kila kimoja kwa mkono wake. Cha kwanza kitasimama kikakamavu na ukikikunja kitavunjika kwa mlio. Cha pili kitalegea na kujipinda. Watoto wengi hulielewa jambo zima hapa, kwa vidole, kabla ya hesabu yoyote.

*Hesabu*

Usilinganishe gramu kwa gramu, kwa sababu makundi hayakuanza na uzito mmoja. Tafuta asilimia: toa uzito wa mwanzo kwenye uzito wa mwisho, gawanya kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100.

Mfano wa hesabu: kundi lililoanza na gramu 16.2 likafika 17.5 limeongezeka gramu 1.3, yaani asilimia 8.0. Lililoanza na 15.8 likashuka hadi 12.9 limepungua gramu 2.9, yaani −18.4. Alama ya kutoa iandikwe. Mwanafunzi akiisahau, grafu inageuka mlima badala ya mteremko.

Chora grafu: moli kwa lita kwenye mstari wa chini, asilimia ya badiliko kwenye mstari wa wima, na sifuri iwe katikati ya mstari wa wima ili kuwe na nafasi ya namba hasi. Unganisha kwa mstari mmoja laini. Pale unapokata sifuri ndipo mmumunyo wa nje unapolingana na wa ndani ya seli. Kwa kiazi na sukari, mara nyingi ni kati ya 0.2 na 0.4.

Mkisha kuchora, wanafunzi watauliza kwa nini kipande cha kwenye maji matupu hakivimbi mpaka kipasuke. Ni swali zuri. Seli ya mmea ina ukuta mgumu nje ya utando. Maji yanaingia mpaka ukuta unasukuma kwa nguvu ileile, kisha kuongezeka kunakoma. Chembe nyekundu ya damu haina ukuta huo, na kwenye maji matupu hupasuka kweli.

Kama huna mizani

Tumia rula na macho. Kata vipande vya urefu wa milimita 50 barabara, viweke kwenye maji matupu na kwenye mmumunyo wa vijiko 8 kwa mililita 100, uviache usiku kucha, kisha upime urefu. Badiliko litakuwa la milimita chache, kwa hiyo tumia vipande vitano kwa kila chombo utafute wastani. Pamoja na jaribio la kukunja la hatua ya 9, inatosha kwa darasa.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima inakubalika ukiweka vipande vingi. Kosa la gramu moja kwenye gramu 16 ni asilimia 6, yaani karibu sawa na badiliko lenyewe. Kwenye gramu 100 ni asilimia 1.

Chumvi badala ya sukari?

Ndiyo, inafanya kazi, na haraka. Lakini chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, mbili mbili, kwa hiyo kwa moli zilezile nguvu yake ni karibu mara mbili ya sukari. Ukitumia chumvi, usitarajie grafu ikate sifuri palepale. Moli moja ni gramu 58.4, hivyo kwa mililita 100 za mmumunyo wa moli 0.2 unahitaji gramu 1.2 tu. Kiazi kikikaa muda mrefu kwenye chumvi nyingi seli huanza kufa, na matokeo ya siku ya pili hayaaminiki. Kwa onyesho la nusu saa, chumvi ni nzuri; kwa grafu, baki na sukari.

Yai, kwa walio na siku tatu

Loweka yai bichi kwenye siki kwa siku moja hadi mbili. Siki hula ganda, utaona viputo vya kaboni dioksidi vikipanda. Linabaki yai laini lililoshikwa na utando tu. Lisuuze kwa upole, lipime, liweke kwenye maji siku moja, lipime tena. Kisha kwenye mmumunyo mzito sana wa sukari siku moja, ulipime mara ya tatu. Litavimba, kisha litanywea kama mfuko uliotolewa upepo. Ukilirudisha kwenye maji linavimba tena, na hilo hushangaza kuliko yote.

Tahadhari mbili. Viputo na kuisha kwa ganda si osmosisi, ni kemia ya kawaida ya asidi. Uwatenganishie wanafunzi mapema. Na yai bichi linaweza kubeba bakteria, kwa hiyo kila aliyeligusa anawe mikono kwa sabuni.

Mambo yakienda mrama

*Kishimo cha A hakikupanda.* Tazama ganda kwanza, kwa kawaida halikumenywa chini. Kisha tazama ukuta wa kishimo: ukiwa mnene kupita kiasi, kipe muda. Vinginevyo mmumunyo wako ulikuwa mwepesi.

*B kimejaa maji.* Kina tundu. Hakuna maelezo mengine ya kutafuta. Na kama B kilivuja, A nacho kichunguze kabla ya kushangilia.

*C nacho kimepanda.* Ama hakikuiva katikati, ama ulianza na kiwango cha ndani kikiwa chini ya cha nje. Kipasue uone. Sehemu mbichi katikati huonekana ngumu na ya rangi tofauti kidogo.

*Vipande vyote vimeongezeka uzito, hata vya 1.0.* Hukupangusa mwishoni kama mwanzoni, au viazi vilikuwa vimenyauka, au mmumunyo mama haukuwa na sukari uliyodhani. Anza na lile la kwanza.

*Cha kwenye maji matupu kimepungua.* Mara tisa kati ya kumi vyombo vimebadilishana majina. Andika kwenye chombo chenyewe, usiandike kwenye karatasi iliyo chini yake, maana chombo huhamishwa na karatasi hubaki. Kama majina yako sawa, tafuta kama kipande kimevunjika ncha.

*Vipande vinaelea kwenye 0.8 na 1.0.* Sawa kabisa; mmumunyo mzito una msongamano mkubwa kuliko kiazi. Kuelea si ushahidi wa osmosisi, ingawa kila mwaka kuna anayeandika hivyo. Tatizo lake ni kwamba upande wa juu unakaa hewani, kwa hiyo kizamishe kwa kijiti au ukigeuze kila baada ya dakika kumi.

*Viazi vimekuwa vya kahawia.* Ni hewa kukutana na sehemu iliyokatwa. Hakuathiri uzito.

*Namba za kundi moja haziendani na mstari.* Usizifute wala usizirekebishe. Zungushie duara kwenye grafu, pitisha mstari bila kuzifuata, na uandike pembeni unachodhani kilitokea. Ukiwa na vipande vya ziada, rudia chombo hicho kimoja tu.

*Maji yana ukungu na harufu kesho yake.* Yamekaa sana. Baada ya saa 24 bakteria wanakuwa wameanza karamu, na kiazi kinapoteza uzito kwa sababu zao, si za osmosisi. Mwaga, osha vyombo kwa maji ya moto kabla sukari haijaganda pembeni, na mara nyingine pima jioni ileile.